Kutoka Kipande cha Mkonge hadi Kazi ya Kompyuta: Historia ya Mikono Isiyoonekana

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba kazi iliyofichika nyuma ya kile kiitwacho akili bandia si jambo geni katika historia yetu. Watu wa Heru Juu, na wa nyanda zote za juu za Kasulu na Kibondo, walikwisha kuifahamu kazi ya namna hiyo tangu siku za babu zao, ingawa chombo kilikuwa kingine.

Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Katika miche 1,000 aliyoagiza, ni 62 tu iliyosalimika. Kutokana na miche hiyo yalienea mashamba makubwa ya Tanga na Morogoro, yaliyohitaji watu wengi kuliko waliopatikana karibu. Wakati wa utawala wa Waingereza, Buha ilihesabiwa kuwa akiba ya nguvukazi. Kodi ilidaiwa kwa fedha, lakini masoko yalikuwa mbali na mazao ya biashara yalikuwa machache. Kwa hiyo kijana aliyehitaji shilingi alilazimika kuifuata mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda shirika lao la kuandikisha vibarua, lililojulikana kwa jina la SILABU, nalo likawachukua Waha wengi kwa mkataba.

Vibarua hao waliitwa manamba, kwa sababu walitambulishwa kwa namba. Mtu aliyekuwa na jina, ukoo na mwami wake huko Heru, alifika Tanga akiwa namba. Alipewa kipande, yaani kadi yenye nafasi 30, na nafasi moja ilitiwa alama kila alipomaliza kazi aliyopimiwa kwa siku. Asipoimaliza, siku hiyo haikuhesabiwa. Kamba iliyotokana na jasho lake ilifunga miganda ya nafaka Ulaya na Marekani. Mkulima wa huko aliijua kamba, wala hakumjua Muha. Kati yao walisimama mwandikishaji, mnyapara, mwenye shamba na mfanyabiashara.

Tukitazame sasa chombo cha siku hizi. Tarehe 30 Novemba 2022 ilitolewa programu iitwayo ChatGPT, na watu wakastaajabu kuona mashine ikijibu maswali kama msomi. Wako hata wachungaji na wanafunzi wanaoitumia kutayarisha mahubiri. Linalosahauliwa ni kwamba mashine hiyo ilifundishwa. Watu waliketi mbele ya kompyuta wakipanga maandishi, wakisahihisha majibu, na kutia alama maneno maovu ili mashine ijifunze kuyaepuka. Sehemu ya kazi hiyo kampuni ya OpenAI iliipeleka Nairobi, kwa mkataba na kampuni ya Sama. Januari 2023 gazeti la Time lilieleza kwamba wafanyakazi hao walipokea kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa, hali mkataba ulitaja dola 12.50 kwa saa. Sama ilijibu kwamba kiwango hicho kilijumuisha gharama zake zote. Kazi yenyewe ilikuwa kusoma, aya baada ya aya, habari za mauaji, mateso na unajisi wa watoto.

Msomaji ataona jinsi mambo haya yanavyofanana. Katika nyakati zote mbili kazi imekatwa vipande vidogo, wakala amesimama katikati, na anayefaidi bidhaa hamwoni aliyeitengeneza. Lakini iko tofauti. Mkonge ulichoma mikono na kupinda mgongo. Kazi hii hujeruhi nafsi. Desemba 2024 ilitangazwa, kutokana na nyaraka za mahakama, kwamba zaidi ya watu 140 waliokuwa wakichuja machapisho ya Facebook jijini Nairobi walipimwa na daktari na kukutwa na maradhi ya kiwewe.

Hata hivyo, historia inatufundisha pia kwamba mikono hii huonekana pale wenyewe wanapojihesabu pamoja. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wafanyakazi wa mkonge walikuwa na chama chao, na mgomo wa Mazinde wa mwaka 1958 haukusahaulika. Vivyo hivyo, tarehe 1 Mei 2023, wafanyakazi zaidi ya 150 walikutana Nairobi wakaazimia kuunda chama. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliamua kwamba kampuni ya Meta inaweza kushtakiwa nchini humo.

Je, haya yatuhusu nini? Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Luther alipoeleza maana ya mkate wa kila siku, alitaja pia watumishi waaminifu na serikali njema. Basi anayeomba mkate hawezi kujifanya hajui mikono inayouandaa. Na wakala akija kesho Kasulu au Kibondo akiwaahidi vijana wetu kazi ya kompyuta, mchungaji asiridhike kuwaombea safari njema. Awasaidie kuuliza: mwajiri ni nani hasa? Atalipa kiasi gani? Watasoma na kutazama mambo gani? Wakiumia, nani atawatibu? Babu zao walitia dole gumba kwenye mkataba bila ya kuwa na mtu wa kuwaulizia maswali hayo.