Sikukuu za umma Mbeya na Iringa kwa wageni wakaazi

Mgeni anayeishi Mbeya au Iringa hupumzika kwa kalenda ileile ya taifa: Mapinduzi 12 Januari, Muungano 26 Aprili, Uhuru 9 Desemba, Krismasi, Pasaka, na Idi inayosubiri mwezi kuandama. Yaweza kudaiwa kwamba basi mikoa haitofautiani. Kisheria ni kweli, lakini uzito wa siku si mmoja. Nane Nane, sikukuu ya wakulima, hujaza viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya vipando vya mahindi, ng'ombe wa maziwa na matrekta siku kadhaa kabla ya 8 Agosti. Mkoani Iringa, kifo cha Mkwawa, chifu wa Wahehe, 19 Julai 1898, hakina mapumziko, ingawa fuvu lake lilirejeshwa Kalenga, mkoani humo, mwaka 1954. Siku za sikukuu ofisi hufungwa, hivyo mwenye shida ya kibali cha ukaazi awahi.