Nyama ya maabara

Nyama ya maabara ni nyama inayokuzwa kutokana na seli za mnyama bila mnyama mwenyewe kuchinjwa. Isichanganywe na soseji za soya: hizo ni mmea, hii ni misuli na mafuta ya mnyama, ila imekulia kwenye tangi.

Kazi huanza kwa kukata kipande kidogo cha msuli wa ng'ombe au kuku aliye hai na kutoa ndani yake seli shina, zile ambazo mwilini hutengeneza upya msuli uliojeruhiwa. Huwekwa katika maji yenye sukari, asidi amino, chumvi, vitamini na vichocheo vya ukuaji. Zikishakuwa nyingi, hubadilishiwa lishe ili ziache kugawanyika na ziungane kuwa nyuzi. Nyama ya kusaga hupatikana kwa urahisi kiasi. Steki nene ni kazi nyingine, kwa kuwa bila mishipa ya damu seli za ndani hukosa oksijeni.

Tangi lenyewe si kitu kigeni Dar es Salaam. Kiwanda cha bia cha Ilala, jirani na Kariakoo, kina matangi ya chuma kisichoshika kutu yanayoshabihiana nalo. Kinachokuzwa ndicho tofauti. Hamira ya bia huongezeka upesi, na kileo inachotoa huzuia vijidudu vingi. Seli ya ng'ombe huchukua karibu siku nzima kugawanyika na haina kinga, ilhali baadhi ya bakteria huongezeka maradufu kila dakika 20; wachache wakipenya, tangi zima linamwagwa. Gharama inaanzia hapo: usafi wa kiwanda cha dawa kwa bidhaa ya kushindana na bucha. Lishe nayo ilikuwa na kasoro ya aibu. Kwa miaka mingi ilitegemea seramu ya damu ya ndama aliye tumboni, inayopatikana ng'ombe mwenye mimba anapochinjwa. Kampuni kadhaa sasa zimeiacha.

Baga ya kwanza ya aina hii ililiwa London Agosti 2013. Ilitengenezwa na Mark Post wa Chuo Kikuu cha Maastricht kwa takriban euro 250,000, nyingi zikitoka kwa Sergey Brin wa Google. Singapore, nchi inayoagiza zaidi ya asilimia 90 ya chakula chake, ndiyo iliyoruhusu mauzo kwanza, Desemba 2020. Marekani ilifuata Juni 2023. Italia ilipiga marufuku mwaka huohuo, na jimbo la Florida mwaka 2024. Barani Afrika, Mzansi Meat ya Cape Town ilionyesha baga yake mwaka 2022. Bei imeshuka, lakini kwa ujanja pia: kuku aliyeanza kuuzwa katika bucha moja ya Singapore mwaka 2024 alikuwa na asilimia 3 tu ya seli za kuku, mengine mimea.

Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, hivyo hoja ya uhaba iliyoisukuma Singapore haina uzito hapa. Ng'ombe wanaolisha mabucha ya katikati ya Dar es Salaam hupitia mnada wa Pugu na machinjio ya Vingunguti, na huliwa karibu wote: makongoro yanakuwa supu ya asubuhi, utumbo una wateja wake, ngozi ina soko lake. Tangi halitoi kongoro. Hesabu za kulinganisha kilo ya msuli na kilo ya msuli huliruka jambo hili, nalo ni zito kwa mlaji asiyemudu steki. Kwa kuku, mteja wa Kariakoo au Kisutu huchagua aliye hai tengani, akachinjiwa na kunyonyolewa.

Nani kachinja, na vipi, ni swali lenye uzito wake. Februari 2013, miezi sita kabla ya baga ya London, mvutano wa kuchinja huko Buseresere, Geita, ulisababisha mauaji. Nyama isiyochinjwa hailiepuki swali hilo. Kamati ya Fatwa ya Singapore iliamua Februari 2024 kwamba yaweza kuwa halali iwapo seli zimetoka kwa mnyama anayeruhusiwa kuliwa na hakuna najisi katika bidhaa. Sharti hilo la pili ndilo linaloirudisha mezani ile seramu ya damu.