Mashindano ya sataranji London, 1851: mtu mzito wa kete na mtu aliyeshika kalamu

SEHEMU YA 1: MWALIKO

Kwa wageni: mimi ni nesi, na hapa nikitoka zamu tunapiga stori za historia. Leo hatuendi vitani wala ikulu. Tunaenda kwenye ubao wenye miraba 64. Sataranji, ambayo vijana wengi siku hizi wanaiita chesi. Kama hujui kuicheza, usiondoke. Ukiwa umewahi kusimama kijiweni ukaangalia watu wakigombana kwenye drafti, inatosha kabisa.

Mwaka ni 1851. Pale London, ndani ya Hyde Park, wamejenga jumba kubwa la vioo na chuma kwa ajili ya Maonesho Makubwa. Yalifunguliwa Mei mosi na kufungwa Oktoba, na watu zaidi ya milioni 6 waliingia. Kila taifa lilipeleka mashine, nguo, vito, kila lilichojivunia.

Sasa kulikuwa na bwana mmoja Mwingereza, Howard Staunton. Huyu ndiye aliyekuwa anatajwa kuwa mkali kuliko wote, kwa sababu mwaka 1843 alikwenda Paris akamfunga Saint-Amant, bingwa wa Ufaransa. Alikuwa mwandishi pia. Mwaka 1847 alitoa kitabu cha kufundisha sataranji kilichosomwa sana. Na zile kete unazoziona kwenye mashindano makubwa mpaka leo, farasi ana uso wa farasi kweli, ngome imekaa kama mnara, mtindo wake unaitwa Staunton. Zilianza kuuzwa 1849.

Staunton akapiga hesabu: kama dunia nzima inakuja London kuangalia mashine, kwa nini wacheza sataranji wasije pia? Mpaka hapo wakubwa walikuwa wanakutana wawili wawili tu, mtu na mtu. Hakuna aliyewahi kuwaita mabingwa wa nchi mbalimbali wakae chumba kimoja, kanuni moja, zawadi moja. Ndiyo maana mashindano haya yanahesabiwa kuwa ya kwanza ya kimataifa.

SEHEMU YA 2: NAULI

Kualika ni rahisi, kufika ndiyo kazi. Kila mchezaji alitakiwa kulipa kiingilio cha pauni 5, na fedha nyingine zikachangishwa kwa wapenzi wa mchezo. Mfuko wote ulifika kama pauni 500. Hela ya kweli hiyo kwa wakati ule.

Ila si wote waliofika. Saint-Amant hakuja. Von der Lasa wa Prussia hakuja. Jaenisch wa Urusi alisafiri, akafika amechelewa, viti vimeshajaa. Na hapohapo London, klabu kongwe ya sataranji ilikuwa na ugomvi na Staunton, ikasusia. Yaani mtu anaalika dunia, majirani wake hawaji! Nadhani umeshawahi kuona harusi ya namna hiyo.

Kulikuwa na mmoja aliyesitasita kwa sababu ya kawaida kabisa: nauli. Jina lake Adolf Anderssen, mwalimu wa hisabati kutoka Breslau, mji ambao leo unaitwa Wrocław na uko Poland. Alizaliwa 1818. Alijulikana zaidi kwa kutunga mafumbo ya sataranji, na 1842 alichapisha kitabu cha mafumbo 60. Mshahara wa mwalimu unaujua. Kutoka Breslau mpaka London si kutoka Mbagala mpaka Kariakoo.

Staunton akamwambia: njoo. Usiposhinda zawadi, nauli yako nitalipa mimi mwenyewe kutoka mfukoni.

Weka hilo akilini, maana tutarudi kwa Staunton na hatutamwona mzuri sana. Ila hapa alifanya jambo la kiungwana na tumpe haki yake.

SEHEMU YA 3: KURA

Wachezaji 16. Mtoano. Raundi ya kwanza, anayetangulia kushinda michezo 2 anapita. Raundi zinazofuata, wa kwanza kufika ushindi 4. Sare hazihesabiwi. Nani akutane na nani? Kura.

Hapo ndipo penye tatizo. Kura haina macho. Anderssen alipangwa na Lionel Kieseritzky, mwalimu wa sataranji aliyekuwa akiishi Paris, akifundisha kwenye mkahawa maarufu wa Café de la Régence kwa faranga 5 kwa saa. Mtu wa kufika fainali huyo. Akatoka raundi ya kwanza. Löwenthal wa Hungaria, mkali naye, akatoka. Wakati huohuo bwana Mucklow, ambaye hakuna aliyemhesabu kuwa bingwa, akapita mpaka robo fainali kwa sababu kura ilimpa mtu wa kiwango chake.

Wachezaji wenyewe walijua kura ni bahati. Anderssen na Szén wa Hungaria walikubaliana mapema: mmoja wetu akichukua ubingwa, ampe mwenzake theluthi ya zawadi. Leo tungeita kamati ya nidhamu. Wakati ule haikuonekana kosa. Na kweli wakakutana robo fainali, Anderssen akashinda 4 kwa 2.

Nusu fainali: Anderssen na Staunton. Mgeni aliyehangaika na nauli dhidi ya mwenyeji aliyemwahidi nauli. Matokeo? Anderssen 4, Staunton 1.

SEHEMU YA 4: MCHEZO USIOKUFA

Pumzika kidogo hapa, nikupe utamu.

Tarehe 21 Juni, katikati ya mashindano, Anderssen na Kieseritzky walikaa kucheza mchezo wa kirafiki tu, nje ya ratiba. Hauna pointi, hauna zawadi. Kieseritzky alikuwa ameshatolewa.

Anderssen akaanza kutoa kete. Akatoa askofu. Akatoa ngome. Akatoa ngome ya pili. Akatoa malkia, ile kete yenye nguvu kuliko zote! Mtu anayepita pale angesema huyu mwalimu ameugua. Hatua ya 23, mfalme wa Kieseritzky hana pa kukimbilia, amebanwa na farasi wawili na askofu mmoja aliyebaki. Kete zote kubwa za mpinzani zipo ubaoni, zimesimama tu kama ndugu waliofika hospitali baada ya mgonjwa kuzimika.

Dunia inauita Mchezo Usiokufa. Na unajua nani aliyeuchapisha kwanza? Kieseritzky mwenyewe, aliyefungwa, kwenye jarida lake la Paris, Julai ileile. Alifungwa vibaya, akaona uzuri, akawaonesha watu. Miaka miwili baadaye, 1853, alifariki Paris akiwa maskini. Jina lake linaishi kwa sababu ya mchezo alioupoteza na akakubali kuuandika.

Kumbuka: aliyeandika ni aliyeshindwa. Sasa twende kwa mwingine aliyeshindwa, ambaye naye aliandika.

SEHEMU YA 5: MTU MZITO WA KETE

Baada ya kutolewa nusu fainali, Staunton alibaki na mechi ya kugombea nafasi ya tatu. Mpinzani wake: Elijah Williams, Mwingereza mwenzake.

Williams alikuwa anafikiri. Anafikiri, anafikiri, anafikiri. Hakukuwa na saa ya mchezo wala kanuni ya muda. Kanuni ilikuwa moja tu: zamu yako ni yako mpaka usogeze kete. Staunton alilalamika kwamba mtu huyu aliweza kukaa hadi saa mbili na nusu kwenye hatua moja. Michezo ilivuka usiku wa manane.

Na Williams akashinda. Ushindi 4 kwa 3. Mwanzilishi wa mashindano, mwenye jina kwenye kete, akawa wa nne.

Fainali alichukua Anderssen kwa 4 dhidi ya 2, mbele ya Marmaduke Wyvill, mbunge wa Uingereza. Usimdharau Wyvill: kwenye nusu fainali Williams alimtangulia kwa ushindi 3 bila jibu, yeye akageuka akashinda 4 mfululizo. Zawadi ya kwanza ilikuwa pauni 183, ya pili 55. Mwalimu akarudi Breslau na nauli yake, na zaidi, na akaendelea kufundisha hisabati. London alirudi 1862 akachukua ubingwa tena.

SEHEMU YA 6: KALAMU

Mwaka 1852 kikatoka kitabu cha mashindano, michezo yote na maelezo. Mwandishi? Howard Staunton.

Hapo ndipo nilipotaka kukufikisha. Mtu mmoja alikuwa mwandaaji, mchezaji, na mwandishi wa kumbukumbu. Kwenye kitabu alieleza kwamba hakuwa na afya nzuri na kwamba kazi ya kuandaa ilimchosha. Naamini. Kuandaa jambo kubwa huku unashindana ni sawa na kusimamia wodi huku umelazwa kwenye wodi hiyohiyo. Ila mwandishi huyohuyo ndiye aliyetuachia picha ya Williams: mtu mzito, mchoshi, aliyeshinda kwa kumchosha mwenzake.

Sisi manesi tunalijua jambo hili. Zamu ikikabidhiwa, ukaandikwa mstari mmoja kwenye faili, "mgonjwa msumbufu," basi. Zamu inayofuata wanamwendea kama msumbufu. Ya pili vilevile. Hakuna anayeuliza: alikuwa anasumbua, au alikuwa anaumwa? Mstari unaishi kuliko mgonjwa.

Sasa jiulize. Williams alivunja kanuni gani? Hakuna. Kama kanuni haisemi muda, anayefikiri saa mbili na nusu ana haki sawa na anayefikiri dakika mbili. Unaweza kusema alikosa adabu ya mchezo, na pengine ni kweli, maana mtu aliyekaa mbele yako naye ana mgongo na ana usingizi. Lakini adabu ambayo haijaandikwa kila mtu ana yake. Mahali pasipo na saa ukutani, kila mmoja anatembea na saa yake kichwani, na wote wanaona mwenzao ndiye amechelewa.

Kwa hiyo dawa haikuwa kumtukana Williams. Dawa ilikuwa kuweka saa. Na hilo ndilo lililofanyika, polepole. Mwaka 1861 Anderssen alicheza na Kolisch kwa kutumia vipimo vya mchanga, ule mchanga unaoshuka ndani ya chupa. Mashindano ya London 1862 yakautumia pia, na safari hiyo mtoano ukaachwa, kila mmoja akacheza na kila mmoja, kura isimtoe mtu mkubwa siku ya kwanza. London 1883 zikaja saa mbili zilizounganishwa: yako ikisimama, ya mwenzako inatembea. Malalamiko ya 1851 yakawa kanuni. Hata leo hakuna anayekugombeza ukifikiri sana. Muda wako ukiisha, umefungwa, basi. Hakuna matusi.

SEHEMU YA 7: SEPTEMBA 1854

Williams hakuziona saa hizo. Alifariki London Septemba 1854, kwa kipindupindu.

Ni mlipuko wa mwaka uleule ambao kila mwanafunzi wa afya ya jamii amefundishwa. Daktari John Snow aliweka alama za vifo kwenye ramani ya mtaa wa Soho, akaona vimezunguka pampu ya maji ya Broad Street. Septemba hiyohiyo mpini wa pampu ukaondolewa. Florence Nightingale, ambaye mwaka ule wa mashindano alikuwa Kaiserswerth, Ujerumani, akijifunza uuguzi, alikwenda hospitali ya Middlesex kusaidia wagonjwa wa kipindupindu. Chumvi na sukari kwenye maji safi, kitu ambacho leo mama yeyote anakijua, hakuna aliyekuwa anakitumia hivyo.

Kipindupindu hakisubiri. Mtu anaweza kuanza kuharisha asubuhi na usiku usimkute. Huyo ndiye mtu ambaye dunia inamkumbuka kwa kuchelewa: miaka mitatu baada ya meza ile, akaondoka akiwa na miaka 44.

Ndiyo maana nikisoma stori hii simcheki. Namwona Anderssen aliyekaribia kukosa ubingwa kwa nauli. Namwona Kieseritzky aliyeandika kushindwa kwake bila kumchafua aliyemshinda. Namwona Staunton, aliyekuwa mkarimu mwanzoni na mchungu mwishoni, kama wengi wetu. Na Williams, ambaye ushindi wake upo kwenye kitabu kilichoandikwa na mtu aliyefungwa naye.

Na wewe unayeshika kalamu kesho, iwe faili la mgonjwa, ripoti ya mwanafunzi au muhtasari wa kikao, andika alichofanya mtu. Jina la kumpachika liache.

Niambie kwenye maoni: kama ungekuwa Staunton, ungemwandikaje Williams? Sehemu ijayo nitajibu maswali yenu. Mimi naingia zamu ya usiku. Kunyweni maji safi.