Safari ya Rufaa: Kutoka Bomani hadi Mahakama Kuu

Mwaka 1929, mkulima wa Tanganyika aliyeshindwa kesi ya shamba mbele ya chifu wake hakuwa na njia ya kumfikia jaji. Sheria ya mahakama za wenyeji ya mwaka huo, iliyotungwa enzi za Gavana Donald Cameron, ilizitoa mahakama hizo mikononi mwa Mahakama Kuu na kuzikabidhi kwa watawala. Rufaa ilipelekwa bomani kwa ofisa wa wilaya, ikapanda kwa mkuu wa jimbo, ikaishia kwa gavana. Waliosimamia ukusanyaji wa kodi ndio hao hao waliokata mashauri. Kesi za Wazungu na Wahindi zilipita njia nyingine, ya mahakimu na majaji.

Ngazi zilikuwa mbili, na hapo ndipo dhuluma ilipokuwa.

Baada ya uhuru, Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1963 ilijenga ngazi moja ya watu wote: Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya na ya Hakimu Mkazi, kisha Mahakama Kuu. Juu kabisa ilikaa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977. Tanzania ikaunda Mahakama yake ya Rufani mwaka 1979.

Kila daraja lina kazi yake. Kwa miaka mingi, katika Mahakama ya Mwanzo hakimu aliketi na wazee wa baraza waliozijua mila za mahali, na shauri liliendeshwa kwa Kiswahili. Huko ndiko kulikojulikana nani alilima, nani alilipa, mpaka ulipita wapi. Huko juu majaji husoma mwenendo wa shauri na kupima kama sheria imefuatwa. Wasingekuwepo, Katiba ingekuwa na maana moja wilayani Muleba na nyingine wilayani Tandahimba.

Muleba yenyewe inaonyesha hivyo. Agosti 1988 mwanamke wa Kihaya aliuza kwa shilingi 300,000 shamba la ukoo alilorithi kwa wosia wa baba yake, na mnunuzi hakuwa mtu wa ukoo huo. Jamaa yake wa kiume akafungua kesi Mahakama ya Mwanzo Kashasha. Mauzo yakabatilishwa, kwa kuwa kanuni za mila zilizoandikwa 1963 zilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo, si kuiuza.

Mwanamke hakukubali. Mahakama ya Wilaya ikampa ushindi kwa kutegemea haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984, na safari hii jamaa ndiye aliyekata rufaa. Februari 1990, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza aliitupa rufaa hiyo na kutamka kuwa mwanamke anaweza kurithi ardhi ya ukoo na kuiuza kama mwanamume. Wanaukoo walibakiwa na haki ya kulikomboa shamba kwa kulipa bei iliyotolewa na mnunuzi, sharti lilelile lililowahusu wanaume wanaouza.