Tarumbeta na Pumzi

Tarumbeta lilifika kwetu pamoja na gwaride. Mwishoni mwa karne ya 19 vijana wa Lamu na Mombasa waliiga bendi za askari wa Kizungu, wakazua ngoma ya beni. Vita vya 1914-1918 vikaieneza bara kwa miguu ya askari na wapagazi. Mwaka 1921 likaja Jeshi la Wokovu, lenye desturi ya kuimba kwa matarumbeta.

Lakini sare huigwa kwa macho, pumzi haionekani. Kwa hiyo ajifunzaye kwa kuiga hutunisha mashavu, huinua mabega na kukata kila sauti kooni. Hapana budi achoke upesi. Apaswa kuvuta pumzi mpaka mbavu na tumbo vipanuke, mabega yakitulia. Kisha ulimi uguse nyuma ya meno ya juu, kama asemaye “tu”, hewa isikatike.

Tangu 2008, huko Korogocho, mashariki ya Nairobi, mradi wa Ghetto Classics ulioanzishwa na Elizabeth Njoroge umewafundisha watoto ala za muziki, matarumbeta yakiwamo. Mazoea yana taabu. Mwenye mwalimu huyaacha kabla hayajaota mizizi. Pumzi twazaliwa nayo sote. Kuitawala ndiko kunakotaka mafunzo.