Magazeti Yetu: Je, Yangali Yakisomwa na Kusadikiwa?

Watu wengi huuliza siku hizi, Gazeti lina kazi gani tena? Kijana hufungua simu yake akaona habari za dunia nzima kabla jogoo hajawika mara ya pili. Mzee husikiliza redio barazani pake. Na yule achukuaye karatasi iliyopigwa chapa huonekana kama mtu wa zamani. Wengine huongeza neno lililo zito zaidi, husema, "Hata nikilisoma, nitajuaje kama ni kweli?" Maswali haya mawili, la kusoma na la kusadiki, hayakuzaliwa jana. Yamefuatana na magazeti ya Kiswahili tangu mwanzo wake, wala mtu asiyejua yalikotoka hawezi kuyajibu vema. Kwa hiyo twataka kuyatazama katika historia ya magazeti ya Unguja na Tanganyika, nchi mbili ambazo tangu mwaka 1964 ni Tanzania, tupate kuona ni nini kilichowafanya watu kuyaamini yaliyoandikwa, na ni nini kilichowavunja moyo.

Kabla ya kuja kwa mitambo ya kupigia chapa, habari ilikuja na mtu. Msafiri atokaye bara alikaribishwa, akapewa maji ya kunywa na mahali pa kukaa, ndipo akaulizwa habari za huko atokako. Wenyeji walimtazama uso, wakauliza ukoo wake, wakapima maneno yake na ya yule aliyepita juma lililotangulia. Akisema uongo, aibu yake ilimngoja njiani siku ya kurudi. Ndiyo maana wazee walisema kwamba njia ya mwongo ni fupi. Walakini wazee hao hao walisema pia, "Lisemwalo lipo, kama halipo, laja." Twaona basi kwamba tangu kale mna njia mbili za habari katika nchi yetu: moja ni ya mjumbe ajulikanaye, nyingine ni ya uvumi usio na baba wala mama. Gazeti lilipokuja lilitaka kushika njia ile ya kwanza.

Mwezi wa Oktoba 1888, katika chuo cha Kiungani huko Unguja, lilianza gazeti lililoitwa Msimulizi. Chuo hicho kilikuwa cha Misheni ya UMCA, na wengi wa vijana wake wa kwanza walikuwa watoto waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Vijana hao waliandika wenyewe habari za vituo vya Misheni, nani amefika, nani amesafiri, nani amefariki, shule gani imepata wanafunzi, na mchezo gani umechezwa. Mambo hayo huenda yakaonekana madogo machoni pa mtu wa leo, lakini tufikiri: kijana aliyetengwa na jamaa zake, asiyejua kama rafiki yake aliyepelekwa Masasi yu hai, aliipata habari hiyo katika karatasi, nayo imeandikwa na mtu aliyelala naye bweni moja. Angeachaje kuisadiki? Gazeti hilo lilidumu hata mwaka 1896.

Baadaye, zamani za Wadachi, magazeti yaliongezeka. Mwaka 1904 Kiongozi lilianza kutoka katika shule ya serikali ya Tanga. Mwaka 1910 Walutheri wa Dar es Salaam walitoa Pwani na Bara, na Wakatoliki wakatoa Rafiki Yangu. Tuyatazame majina haya: Msimulizi, Kiongozi, Rafiki. Yote matatu ni majina ya mtu. Twadhani waliotunga majina hayo walijua kwamba msomaji haamini karatasi, huamini mtu, kwa hiyo wakaipa karatasi sura ya mtu aingiaye nyumbani na kupiga hodi.

Lakini hapo ndipo lilipozaliwa shaka. Kiongozi lilikuwa mali ya serikali, nalo lilisema yale ambayo serikali ilipenda yasemwe. Vita vilipoingia mwaka 1914, msomaji alikuwa na sababu ya kujiuliza kama gazeti la serikali iliyo vitani laweza kumwambia yote. Tanga ilitwaliwa na Waingereza mwezi wa Julai 1916, na Dar es Salaam mwezi wa Septemba mwaka uo huo, na magazeti yale yakanyamaza. Waliokuwa wakiyasoma, maakida, makarani na walimu, waliona kwa macho yao kwamba sauti ya gazeti hufuata mwenye mtambo.

Mwezi wa Januari 1923 Idara ya Elimu ya serikali ya Kiingereza ilianza kutoa Mambo Leo, gazeti la kila mwezi, kwa bei ya senti kumi. Hilo lilipendwa kuliko yote yaliyotangulia, na sababu yake si moja tu. Lilikuwa na habari za dunia, mafundisho ya kilimo na afya, na masimulizi ya kale. Walakini hasa lilikuwa na mahali pa barua na mashairi ya wasomaji wenyewe. Shaaban Robert alikuwa mmoja wa wale ambao mashairi yao yalijulikana kwa njia hiyo. Mtu wa Ujiji aliweza kuandika neno, na mtu wa Lindi akamjibu, na wote wawili wakatia majina yao na miji yao chini ya maneno yao. Na gazeti moja halikusomwa na mtu mmoja. Ajuaye kusoma alisoma kwa sauti, na wasiojua walimzunguka, wakiuliza, wakibisha, wakimwambia arudie. Habari ilipita mbele ya masikio mengi kabla ya kukubaliwa.

Hata hivyo Mambo Leo lilikuwa la serikali, na malalamiko ya watu juu ya serikali hayakupata nafasi kubwa humo. Ndipo mwezi wa Novemba 1937 Erica Fiah, Mganda aliyekuwa na duka Dar es Salaam, alipoanzisha Kwetu, gazeti la kwanza la Tanganyika kumilikiwa na Mwafrika. Fedha zilimsumbua, na mara nyingi gazeti lilichelewa. Lakini jina lake lilikuwa hoja tosha. Msomaji aliyeona kwamba Mambo Leo lamwambia mambo ya wakubwa aliweza sasa kusema, "Hili nalo ni la kwetu."

Katika miaka ya kudai uhuru chama cha TANU kilitoa karatasi yake, Sauti ya TANU. Mwaka 1958 Julius Nyerere alishitakiwa mahakamani kwa maneno aliyoyaandika humo juu ya maofisa wawili wa wilaya, akatozwa faini ya shilingi 3,000. Tusiyapite mambo haya upesi. Wengine waliona kwamba serikali yawaonea wasemaji wa kweli. Wengine waliona kwamba mwandishi hana budi kuchunga kalamu yake. Sisi twaona jambo la tatu, nalo ni kwamba neno lile lilikuwa na mwenyewe. Alijulikana alipo, aliitwa, akaja, akasimama mbele ya hakimu. Uvumi hauitwi mahakamani, maana hauna jina.

Baada ya kupata uhuru mwaka 1961, gazeti lililoitwa Uhuru likawa sauti ya chama, na mwaka 1970 serikali ikalitwaa gazeti la Kiingereza la Standard. Wakati huo kazi kubwa ilikuwa kufundisha watu kusoma. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walihesabiwa kuwa kama 67 katika kila mia. Kwa hesabu ya serikali, hata kufika mwaka 1986 hawakuzidi 10. Huko Mwanza lilianzishwa gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho, ili waliohitimu kisomo cha watu wazima wasiisahau elimu yao kwa kukosa cha kusoma. Basi wasomaji walikuwa wengi kuliko wakati wowote uliotangulia, ila sauti zilikuwa chache. Na sauti ikiwa moja, hata isemapo kweli, msikiaji hana cha kuipima nacho.

Mwaka 1992 sheria iliruhusu vyama vingi, na magazeti ya watu binafsi yakachipuka kama uyoga baada ya mvua. Mengine yalikuwa mazuri, mengine yaliuza kashfa. Serikali nayo ilikuwa na sheria ya magazeti ya mwaka 1976, iliyompa waziri uwezo wa kufunga gazeti. MwanaHalisi lilifungwa mwaka 2012. Mwaka 2013 Mwananchi lilifungwa siku 14 na Mtanzania siku 90. Sheria mpya ilikuja mwaka 2016, na magazeti mengine yakafungwa. Hata mwezi wa Februari 2022 manne yakarudishiwa leseni zake. Katika mambo hayo kila upande hulaumu mwingine. Sisi twasema tu kwamba gazeti lifungwapo, haja ya habari haifungwi pamoja nalo. Watu huendelea kuuliza, na aliye tayari kuwajibu ni uvumi.

Mwezi wa Machi 2021 jambo hilo lilionekana wazi. Rais John Magufuli hakuonekana hadharani kwa siku nyingi. Wakubwa walisema yu mzima na anafanya kazi, na magazeti ya nchini yakapiga chapa maneno hayo. Katika simu za watu mengine kabisa yalisemwa. Usiku wa tarehe 17 Machi ikatangazwa kwamba amefariki. Aliyesoma gazeti na aliyesikiliza uvumi walikutana asubuhi yake, na twaweza kufahamu ni yupi aliyeona kwamba amedanganywa. Tena mwezi wa Agosti mwaka uo huo, Uhuru, gazeti la chama kinachotawala, lilichapa katika ukurasa wa kwanza kwamba Rais Samia Suluhu Hassan hana nia ya kugombea mwaka 2025. Habari hiyo ilikanushwa, na leseni ya gazeti ikasimamishwa siku 14. Hata gazeti la nyumbani, basi, hukosea habari za mwenye nyumba.

Baada ya hayo yote, mtu atasema, "Afadhali tuache magazeti, tusadiki tunayoambiwa na majirani." Twamwomba akumbuke yaliyotukia katika kijiji cha Iringa Mvumi, mkoa wa Dodoma, mwezi wa Oktoba 2016. Wataalamu wawili wa udongo kutoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, walifika huko na dereva wao kufanya kazi yao. Neno likatoka kwamba wanyonya damu wameingia. Hakuna aliyeuliza nani amesema wala ameona nini. Watu wale watatu waliuawa, na gari lao likatiwa moto. Habari za mumiani ni za kale katika pwani na bara yetu. Babu zetu walizisikia, na baba zetu pia. Haikuwa mara ya kwanza kwa uvumi kusemwa, lakini siku ile uliua watu waliokuja kuwasaidia wakulima. Jirani aliyesema neno lile ni mtu wa kijijini, pengine ni mtu mwema. Walakini wema wa msemaji si ushahidi.

Je, magazeti yangali yakisomwa? Twajibu kwamba yasomwa, ila kwa namna nyingine. Wanunuzi wamepungua. Kila asubuhi mjini watu husimama mbele ya meza ya muuza magazeti wakasoma kurasa za mbele, kisha huenda zao bila kununua. Na redio nyingi husoma vichwa vya habari ili walio mbali wasikie. Hasara yake ni kwamba kichwa cha habari si habari. Wale waliozunguka Mambo Leo zamani walisomewa hata mwisho, wakapata nafasi ya kuuliza. Sisi tulio na shule nyingi kuliko wao husoma mstari mmoja, tukaupeleka kwa watu hamsini.

Na je, yastahili kusadikiwa? Hapo twajibu kwamba gazeti lisisadikiwe kwa kuwa ni gazeti, wala lisikataliwe kwa kuwa ni gazeti. Historia yatufundisha kuuliza maneno matatu. La kwanza, ni nani asemaye, naye alikuwapo? Wasomaji wa Msimulizi walilijua jibu lake. La pili, mwenye mtambo ni nani, na kuna sauti nyingine ya kumpima nayo? Hilo ndilo Kwetu lililowaletea watu. La tatu, akikosea, aweza kuitwa ajibu, naye husahihisha? Karatasi iliyo na jina la mwandishi, la mtengenezaji na mahali ilipopigwa chapa yaweza kuulizwa. Neno linalokuja katika simu bila jina, limepitishwa na mtu aliyelipokea kwa mtu asiyemjua, laulizwa wapi?

Twawasihi hasa walimu wenzetu na wote wanaojua kusoma katika vijiji vyetu. Desturi ya kusoma kwa sauti isife. Gazeti likifika, hata likiwa la juma lililopita, lisomwe barazani tangu mwanzo hata mwisho, na wazee na vijana wapate kubisha. Na neno baya juu ya mgeni, au dawa, au jirani, likija bila mwenyewe, asiwepo mtu wa kulipeleka mbele kabla ya kuyauliza maneno yale matatu. Laiti angalikuwapo mtu mmoja wa kuyauliza siku ile huko Iringa Mvumi, pengine watu wale watatu wangalirudi kwao.