Mgawo wa Nafasi za Kidato cha Kwanza na Suala la Haki katika Elimu ya Sekondari Tanzania, 1967–1985

Uteuzi wa wanafunzi wa sekondari za serikali katika miaka ya Ujamaa huelezwa mara nyingi kama historia ya uhaba: nafasi zilikuwa chache na waliofaulu walikuwa wengi. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini yanaficha jambo moja. Uhaba huo ulikuwa wa kupangwa, na mfumo wa mgawo uliugawa kwa haki zaidi bila kuupunguza.

Ubaguzi wa rangi shuleni ulifutwa kisheria mwaka 1962, na mwaka 1964 karo ya sekondari za serikali ikaondolewa. Hata hivyo, ramani ya shule ilibaki ile ya misheni na kahawa. Ihungo iko Bukoba, Umbwe iko Kilimanjaro, nazo zilizungukwa na shule za msingi zilizoanza mapema na wazazi waliokuwa na fedha ya zao la biashara. Mtoto wa Lindi au Kigoma hakuwa na urithi huo. Kwa hiyo mtihani mmoja wa taifa, hata uliposahihishwa bila upendeleo wowote, ulizaa matokeo yaliyoelemea mikoa ileile.

Katika *Elimu ya Kujitegemea* (1967), Nyerere alikiri kwamba takriban asilimia 13 tu ya wanaomaliza elimu ya msingi wangepata nafasi ya sekondari. Hakuahidi kuziongeza, alitaka elimu ya msingi ijitosheleze, na upanuzi wa sekondari ufuate mahitaji ya taifa ya wataalamu. Sheria ya Elimu ya 1969 iliziweka shule za misheni mikononi mwa Serikali, na bila hatua hiyo mgawo usingewezekana. Ulipoanza katika miaka ya 1970, kila mkoa ulipewa nafasi kwa kulingana na idadi ya wahitimu wake wa darasa la saba. Baadaye hesabu ilishushwa hadi wilayani, na wasichana wakatengewa nafasi zao. Mtihani uliendelea kuchuja, ila sasa mtoto alishindana na wenzake wa mkoani kwake. Kwa kuwa shule nyingi zilikuwa za bweni, aliyechaguliwa kutoka Mtwara angeweza kusomea Moshi. Hilo nalo lilikusudiwa, kwa ajili ya umoja wa taifa.

Gharama ya haki hiyo ililipwa na mtoto wa Kilimanjaro au Ziwa Magharibi (Kagera tangu 1979) aliyebaki nyumbani akiwa na alama ambazo zingemvusha kwingineko. Kwa mzazi wake huo ulikuwa uonevu, na si vyema mwanahistoria kulipuuza lalamiko hilo kwa sababu tu lilitoka kwa waliotangulia. Lakini jibu lenye uzito zaidi lilikuwa ujenzi. Jamii, makanisa na Jumuiya ya Wazazi walianzisha sekondari zao, Kilimanjaro ikiongoza, na kabla ya miaka ya 1980 kwisha idadi ya shule zisizo za serikali ilizidi ile ya shule za serikali. Dola iliyotaifisha shule za misheni ilijikuta ikiruhusu njia ya pili ya kuingia sekondari, njia iliyolipiwa. Tofauti ya mikoa iliyotolewa kwa mlango wa mbele ilirudi kwa mlango wa nyuma.

Wanaousifu mgawo na wanaoulaumu wanakubaliana, pengine bila kujua, kwamba mkoa ndicho kipimo sahihi cha unyonge. Dhana hiyo ni dhaifu. Hesabu ilifuata shule, si kaya. Mtoto wa ofisa aliyehamishiwa Sumbawanga alihesabiwa mtoto wa Rukwa, sawa na wa mvuvi wa Ziwa Rukwa, huku mtoto wa kibarua wa shamba la mkonge karibu na Moshi akihesabiwa miongoni mwa waliobahatika.

Udhaifu huo ulizidi kuonekana kundi lililoandikishwa chini ya Elimu ya Msingi kwa Wote mwaka 1977 lilipofika darasa la saba, takriban miaka saba baadaye. Kanuni ya kugawa haikubadilika. Kilichobadilika ni idadi ya watoto waliosimama nyuma ya kila nafasi, na kwa wengi wao swali la mkoa upi umepata ngapi halikuwa na maana tena.